Watu wanne ndani ya asilimia 29: uchambuzi wa makala moja ya mwaka 1998 kuhusu jeni na uziwi

Mwaka 1998 jarida la American Journal of Human Genetics lilichapisha makala fupi ya watafiti watatu wa Leeds, Uingereza: Anna Middleton, Jenny Hewison na Robert Mueller. Walikuwa wamewauliza viziwi wenyewe wanaonaje suala la kupima jeni za uziwi. Asilimia 55 walijibu kwamba vipimo hivyo vitaleta madhara kuliko manufaa. Asilimia 46 waliona kwamba matumizi ya vipimo hivyo yanawashushia viziwi thamani, na asilimia 49 walikuwa na wasiwasi na ugunduzi mpya wa jenetiki. Kisha ikaja sentensi kuhusu kupima mimba, yaani kumpima mtoto jeni za uziwi akiwa bado tumboni: asilimia 16 wangefikiria kufanya kipimo hicho, na miongoni mwa hao, asilimia 29 wangependelea kupata mtoto kiziwi.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo kiini cha kisa chetu. Anayeisoma mbiombio anaondoka na habari kwamba karibu theluthi moja ya viziwi wanataka kutumia sayansi kujichagulia watoto viziwi. Anayeisoma polepole anakuta jambo jingine kabisa. Na akiendelea na machapisho mengine ya watu haohao, ya kabla na ya baada, anakuta habari iliyo kubwa kuliko hizo mbili. Nimeichagua makala hii kwa sababu imesimama pale ambapo saikolojia na jenetiki ya usikivu zinakutana, na kwa sababu naamini rekodi ya machapisho inapaswa kusomwa kama faili la mgonjwa linavyosomwa na daktari makini: kwa mfululizo, tarehe kwa tarehe, bila kuchomoa karatasi moja na kutoa hukumu.

Maabara ilitangulia

Mueller alikuwa daktari wa magonjwa ya kurithi. Mwaka 1996 yeye na wenzake walichapisha uchunguzi wa familia yenye asili ya eneo la Mirpur, Pakistan, ambamo uziwi ulikuwa ukirithiwa bila dalili nyingine yoyote ya ugonjwa. Uchunguzi huo ulisaidia kubana zaidi mahali ilipo jeni moja ya uziwi kwenye kromosomu ya 13. Eneo lenyewe lilikuwa limetambuliwa mwaka 1994 kupitia familia za Tunisia, likapewa jina la DFNB1. Kilichokuwa bado ni kuitaja jeni.

Ilitajwa Mei 1997 katika jarida la Nature. Jeni ni GJB2, na protini inayotengenezwa nayo huitwa koneksini 26. Waandishi walikuwa wanane: David Kelsell wa kwanza, Irene Leigh wa mwisho, Mueller wa saba.

Kelsell na Leigh walitokea upande wa magonjwa ya ngozi. Mlango wao wa kuingilia ulikuwa familia yenye ugonjwa unaofanya ngozi ya viganja na nyayo kuwa nene na ngumu, na ambayo pia ilikuwa na uziwi. Koneksini 26 hupatikana kwenye ngozi, na hupatikana pia kwenye koklea, sehemu ya sikio la ndani iliyojikunja kama konokono. Kazi yake ni kujenga vijia vidogo sana kati ya seli na seli ili chembe za madini zipite. Katika sikio inaaminika kwamba vijia hivyo husaidia kurudisha potasiamu mahali pake baada ya seli za kusikia kufanya kazi. Vikikosekana, mfumo mzima unakwama.

Ukikuta jina la saba kati ya manane kwenye orodha ya machapisho ya mtu, jina lenyewe halikuambii alifanya nini. Katika taaluma hii wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya kazi, wa mwisho ndiye kiongozi, na wa katikati anaweza kuwa ametoa chochote, kuanzia ushauri wa dakika chache hadi miaka ya kukaa na familia za wagonjwa. Makala ya 1996 ndiyo inayofafanua nafasi ya mtu wa Leeds katika ile ya 1997, kwa sababu ushahidi wenye nguvu zaidi wa 1997 ulitokana na familia za Pakistan zenye uziwi wa DFNB1. Huwezi kuliona hilo kwa kuhesabu makala. Unaliona kwa kuzisoma mbili kwa pamoja.

Ugunduzi huo ulibadilisha maongezi ya kliniki papo hapo. GJB2 ilibainika kuwa chanzo kikubwa kuliko vyote cha uziwi wa kuzaliwa unaorithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili katika jamii nyingi za Ulaya. Badiliko lake maarufu huko, 35delG, hubebwa na takribani mtu 1 kati ya 51, wengi wao wakiwa wanasikia vizuri na hawana habari. Wazazi wawili wanaosikia wakikutana wote wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto kiziwi. Lakini kwa wenzi viziwi hesabu inakwenda kwingine. Ikiwa uziwi wa wote wawili unatokana na GJB2, watoto wao wote watakuwa viziwi. Ikiwa uziwi wa mmoja unatokana na GJB2 na wa mwenzake unatokana na jeni nyingine ya kurithiwa kwa namna hiyohiyo, watoto wao karibu wote watasikia. Kabla ya 1997 mshauri alikuwa akikadiria kwa kutazama historia ya ukoo. Baada ya 1997 damu kidogo iliweza kutoa jibu.

Jibu hilo likishapatikana, nani anataka kulijua, na alifanyie nini? Hapo maabara inafika mwisho wa uwezo wake. Hewison alikuwa mwanasaikolojia wa masuala ya afya. Middleton alikuwa akiandika tasnifu yake ya uzamivu pale Leeds kuhusu mitazamo ya viziwi na wanaosikia juu ya vipimo hivyo. Nadhani hili ndilo jambo la busara kuliko yote katika rekodi hii: mwaka uleule jeni ilipotajwa, mmoja wa waliotia saini makala ya Nature alikuwa tayari amekaa na mwanasaikolojia wakiandaa dodoso.

Hofu yenye sababu

Msomaji anayeshangaa kwa nini zaidi ya nusu ya waliojibu waliiona jenetiki kuwa ya madhara hana budi kurudi nyuma kidogo. Mwaka 1883 Alexander Graham Bell, yule wa simu, alisoma mbele ya chuo cha taifa cha sayansi cha Marekani waraka ulioonya kwamba ndoa za viziwi kwa viziwi zitazaa aina ya binadamu viziwi. Miaka 15 baadaye Edward Allen Fay alichapisha takwimu za ndoa zaidi ya 4,000 za viziwi wa Marekani, na zikaonyesha kwamba watoto wengi wa ndoa hizo walikuwa wanasikia. Takwimu hazikuizima hofu. Julai 1933 Ujerumani ya Wanazi ilipitisha sheria ya kuwafunga uzazi kwa lazima watu wenye magonjwa yaliyodhaniwa kuwa ya kurithi, na uziwi wa kurithi ulikuwa kwenye orodha kwa jina. Watu wapatao 400,000 walifungwa uzazi chini ya sheria hiyo, maelfu yao wakiwa viziwi.

Kwa hiyo kiziwi wa Uingereza aliyeshika dodoso mwaka 1997 na kuulizwa kama jenetiki inamshushia thamani hakuwa akijibu swali la kinadharia.

Watu 87, watu 14, watu wanne

Sasa tuingie ndani ya makala yenyewe.

Dodoso liligawiwa kwa washiriki wa mkutano wa kimataifa uliobeba dhana ya taifa la viziwi, uliofanyika katika Chuo Kikuu cha Central Lancashire mwaka 1997. Viziwi wa Uingereza waliorudisha dodoso likiwa limejazwa walikuwa 87. Asilimia 55 ya 87 ni watu 48. Asilimia 16 ni watu 14. Na asilimia 29 ya hao 14 ni watu wanne.

Wanne. Hao ndio waliosema mambo mawili kwa wakati mmoja: kwamba wangefikiria kupima mimba, na kwamba wangependelea mtoto kiziwi. Ukiwaweka juu ya sampuli nzima ni chini ya asilimia 5. Na hata hao hawakusema wangetoa mimba ya mtoto anayesikia. Sentensi ya matokeo haifiki huko. Waandishi waliongeza tahadhari kwa wataalamu wenzao kwamba baadhi ya viziwi wanaweza kupendelea watoto viziwi na wanaweza kufikiria kutumia teknolojia kwa lengo hilo. “Baadhi” na “wanaweza” ni maneno yaliyopimwa sawasawa na ushahidi uliokuwapo. Mwandishi mwingine akiinukuu sentensi na kuyaacha maneno hayo, kinachobaki ni asilimia tupu.

Hesabu ya uhakika wa takwimu inasema vivyo hivyo. Kwa watu 48 kati ya 87, kadirio la asilimia 55 linaweza kuwa popote kati ya 45 na 65 hivi. Hiyo inavumilika. Kwa watu wanne kati ya 14, kadirio la asilimia 29 linaweza kuwa popote kati ya 12 na 55. Namba inayoyumba kiasi hicho haikuambii ukubwa wa kitu. Inakuambia tu kwamba kitu hicho kipo. Angebadili mawazo mtu mmoja tu, ingekuwa asilimia 21 au 36.

Hata hivyo udogo wa sampuli haunisumbui sana. Kinachonisumbua ni mahali ilikochukuliwa. Mtu anayelipa nauli kwenda kwenye mkutano unaowajadili viziwi kama taifa lenye lugha na utamaduni wake hawezi kusimama kwa niaba ya kiziwi aliyezaliwa katika familia ya wanaosikia, akasoma shule ya kawaida na hana rafiki hata mmoja anayetumia lugha ya alama. Waandishi hawakulificha jambo hili. Ndani ya ikisiri, mahali ambapo kila msomaji hupita, waliandika kwamba mkutano uliwalenga watu wenye elimu nzuri na uliweka mkazo kwenye utamaduni wa viziwi. Siwezi kuwalaumu kwa lolote hapa. Walitoa onyo mahali panapostahili.

Liko na suala la namna ya kuuliza. Dodoso lilikuwa la kujaza mwenyewe. Kwa mtu ambaye lugha yake ya kwanza ni lugha ya alama, Kiingereza cha kuandika ni lugha ya pili, na maswali ya jenetiki yana msamiati unaowashinda hata wenye Kiingereza chao. Tofauti kati ya kupima mimba ili kujiandaa na kupima mimba ili kuamua kama itaendelea inaweza kupotea katika sentensi moja iliyojikunja. Waliohudhuria mkutano ule walikuwa wasomi, kwa hiyo tatizo huenda lilikuwa dogo kwao. Kwa viziwi kwa jumla lisingekuwa dogo.

Na mwisho, “ningefikiria” si sawa na “nilifanya”. Saikolojia ina mfano mchungu wa jambo hili upande wa ugonjwa wa Huntington, ugonjwa wa ubongo unaorithiwa na usio na tiba. Kabla ya kipimo kupatikana, tafiti nyingi ziliwauliza watoto wa wagonjwa kama wangependa kupimwa, na zaidi ya nusu walisema ndiyo. Jeni ilipopatikana mwaka 1993 na kipimo cha uhakika kikawepo, waliokwenda kupima katika nchi nyingi hawakufika hata robo. Walichosema kwanza hakikuwa uongo. Swali la kufikirika hujibiwa na mtu mmoja, na uamuzi wa kweli hufanywa na mtu yuleyule akiwa mahali pengine maishani, ndoa ikiwa imekaa hivi, na mimba ikiwa ya kweli.

Mwaka 2001: watu 1,314

Watatu hao hawakuliacha swali pale. Mwaka 2001 walichapisha utafiti mkubwa zaidi katika jarida la washauri wa kinasaba, Journal of Genetic Counseling. Safari hii walikuwa na washiriki 1,314 wa makundi matatu: viziwi 644, watu 143 wenye usikivu hafifu au waliopoteza usikivu baadaye, na watu 527 wanaosikia wenye mzazi au mtoto kiziwi. Swali lilikuwa la wazi zaidi: uhitaji wa kipimo cha mimba kwa uziwi ni mkubwa kiasi gani?

Waliosema wangefikiria kipimo walikuwa asilimia 21 ya viziwi, asilimia 39 ya wenye usikivu hafifu na asilimia 49 ya wanaosikia. Waliosema wangefikiria kupima na kutoa mimba endapo mtoto angekuwa kiziwi walikuwa asilimia 6 ya viziwi, asilimia 11 ya kundi la kati na asilimia 16 ya wanaosikia. Na asilimia 2 ya viziwi walisema wanapendelea watoto viziwi na wangefikiria kutoa mimba endapo mtoto angeonekana anasikia.

Yageuze hayo yawe watu, kama tulivyofanya kwa yale ya kwanza. Asilimia 2 ya 644 ni watu 13 hivi. Asilimia 6 ya viziwi haohao ni kama 39. Asilimia 16 ya wanaosikia 527 ni watu wapatao 84. Kwa maneno mengine, ndani ya viziwi wenyewe, waliofikiria kuikataa mimba ya mtoto kiziwi walikuwa mara tatu ya waliofikiria kuikataa mimba ya mtoto anayesikia. Na kundi lililofikiria zaidi kutoa mimba kwa sababu ya usikivu wa mtoto lilikuwa la wanaosikia, tena wanaosikia ambao tayari wana mzazi au mtoto kiziwi.

Kuna jambo jingine ndani ya namba hizo ambalo halijitangazi. Katika makundi yote matatu, waliotaka kipimo walikuwa mara tatu au zaidi ya waliofikiria kutoa mimba. Wengi walitaka kujua tu. Familia inayojua mapema kwamba mtoto atazaliwa kiziwi inaweza kuanza kujifunza lugha ya alama kabla hajafika, na mtoto akaikuta lugha nyumbani tangu siku ya kwanza. Hilo ni tumaini la kawaida kabisa la mzazi, na linastahili nafasi ndani ya ushauri nasaha kuliko mjadala wote wa kuchagua watoto. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2000 uliowauliza wazazi wanaosikia wenye watoto viziwi unaelekea hukohuko: asilimia 96 walikuwa na mtazamo mzuri kuhusu vipimo vya jeni, pamoja na kipimo cha mimba, lakini hakuna aliyesema angekitumia kutoa mimba.

Kumbuka kwamba zaidi ya asilimia 90 ya watoto viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia. Ukitaka kujua kipimo hiki kitatumiwa na nani hasa, macho yaelekee kwenye zile asilimia 49 za wanaosikia, si kwenye wale wanne.

M34T, au jinsi maabara inavyojirekebisha

Ningeishia hapa, mtu angedhani udhaifu huu ni wa saikolojia peke yake, na jenetiki inasimama kwenye mwamba. Rekodi hii haikubali hivyo. Makala ileile ya Nature ya 1997 ilikuwa na dai lililokuja kuyumba. Katika familia yenye ugonjwa wa ngozi, watafiti walikuta badiliko la GJB2 linaloitwa M34T na wakalihusisha na uziwi unaorithiwa kutoka kwa mzazi mmoja tu, yaani nakala moja mbovu inatosha. Kufikia 1998 watafiti wengine walikuwa wamelikuta badiliko hilo kwa watu wanaosikia vizuri kabisa.

Mjadala ulichukua miaka 20. Wengine walisema M34T ni tofauti ya kawaida isiyodhuru, wengine wakasema inadhuru ikiwa mtu ana nakala mbili. Mwaka 2019 jopo la kimataifa la wataalamu lilitoa msimamo: M34T ni ya kuhesabiwa kuwa yenye kuleta ugonjwa, lakini kwa kurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, na upotevu wa usikivu wake mara nyingi ni mdogo, wengine hata hawaupati. Mzazi anayepewa jibu la M34T leo anaambiwa kitu tofauti sana na kile ambacho angeambiwa mwaka 1997.

Sehemu kubwa ya makala ya 1997 ilisimama imara. GJB2 ni jeni ya uziwi, na familia za Pakistan zilithibitisha hilo bila shaka. Kilichorekebishwa ni kipande, na kilirekebishwa hadharani, ndani ya hifadhidata ambazo daktari wa leo hufungua kabla ya kumwambia mgonjwa neno lolote. Badiliko la jeni lina mahali pake pa kudumu pa kuandikiwa masahihisho.

Utafiti wa mitazamo hauna mahali kama hapo. Hakuna hifadhidata ambayo mwandishi anaifungua akakuta “asilimia 29 ya 1998: watu wanne, sampuli ya mkutano, soma pamoja na 2001”. Masahihisho yapo, na yameandikwa na waandishi walewale, lakini yamelala katika jarida jingine, chini ya kichwa kingine, na yanayempata ni yule tu anayefuatilia rekodi. Hii ndiyo tofauti halisi ninayoiona kati ya taaluma hizi mbili, na ina uzito kuliko mabishano ya ipi ni sayansi ngumu na ipi ni laini.

Namba zikitoka nje ya jarida

Maswali haya hayakubaki vyuoni. Mwaka 2002 gazeti la Washington Post liliandika habari za wanawake wawili viziwi wa Maryland, wenzi, waliopata mtoto kwa mbegu za rafiki kiziwi ambaye ukoo wake ulikuwa na uziwi vizazi kadhaa. Dunia ilizozana kuhusu “watoto wa kubuni”. Waliozozana wengi hawakugundua kwamba hakuna kipimo chochote cha jeni kilichotumika pale. Wenzi wale walifanya kile ambacho viziwi wanaooana wamekuwa wakifanya tangu enzi za Fay.

Mwaka 2008 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mpya ya uzazi wa kusaidiwa. Kifungu chake cha 14 kinakataza kiinitete kinachojulikana kuwa na kasoro ya jeni yenye hatari kubwa ya ulemavu mzito kupendelewa kuliko kisicho na kasoro hiyo. Viziwi wa Uingereza waliupinga muswada hadharani, kwa sababu uziwi ulikuwa ukitajwa kama mfano. Sheria inaweza kuwa na hoja zake za kimaadili, na mimi sijengi kesi dhidi yake hapa. Lakini mtu aliyekuwa akitafuta ukubwa wa tatizo lililokuwa likizuiwa alikuwa na takwimu ya 2001 ya kuanzia: watu 13 kati ya 644 waliosema wangefikiria, kwa njia ya mimba, si ya viinitete. Na kwa upande wa pili wa mizani, sheria haikumzuia mzazi yeyote kukichagua kiinitete cha mtoto atakayesikia.

Kuipima rekodi

Tuseme faili hili lingefika mbele ya kamati inayopandisha watu vyeo. Njia ya haraka ni kuhesabu makala, kutazama majina ya majarida na kuangalia kipimo cha h, kinachounganisha idadi ya makala za mtu na mara zinavyonukuliwa, alichokipendekeza Jorge Hirsch mwaka 2005. Kwa njia hiyo Nature ya 1997 ingekuwa juu kabisa, ile ya 1998 ingefuata, na ile ya 2001, iliyotoka katika jarida la washauri linalosomwa na wachache, ingekuwa chini. Mpangilio huo ni kinyume kabisa na uzito wa ushahidi katika swali la mitazamo. Ya 2001 ndiyo yenye sampuli kubwa, ndiyo yenye makundi ya kulinganisha, ndiyo inayotenganisha kupima na kutoa mimba. Ingekuwa juu yangu, ningeipa alama nyingi kuliko ya 1998, na ningempa Middleton alama za ziada kwa kurudi kwenye swali lake mwenyewe akiwa na sampuli iliyoweza kulipinga jibu la kwanza. Kijana anayeanza kazi akipata matokeo yanayovutia macho ana kila kishawishi cha kuyaacha yalivyo.

Rekodi yake iliendelea hukohuko. Mwaka 2010, pamoja na Steven Emery, msomi ambaye mwenyewe ni kiziwi, na Graham Turner, mtaalamu wa lugha ya alama na ukalimani, alichapisha katika Sign Language Studies makala kuhusu maoni, ujuzi na imani za viziwi juu ya jenetiki na ushauri wa kinasaba. Tazama majina, tazama jarida. Mwaka 1998 viziwi walikuwa waliojaza dodoso. Mwaka 2010 kiziwi ni mwandishi, na makala iko katika jarida ambalo watafiti wa lugha ya alama hulisoma. Maswali nayo yalikuwa yamesogea: kiziwi anajua nini kuhusu huduma hii, na akifika kliniki ataelewana vipi na daktari.

Kwa anayeandika tasnifu sasa na anataka kuitumia makala ya 1998, nina ombi moja. Aandike kwamba kati ya viziwi 87 wa Uingereza waliohojiwa kwenye mkutano wa utamaduni wa viziwi, 14 walisema wangefikiria kupima mimba, na wanne kati yao walisema wangependelea mtoto kiziwi. Halafu, katika aya hiyohiyo, aweke matokeo ya 2001 kwa makundi yote matatu, na wanaosikia wawemo.